Visima Ishirini na Pampu ya Nurdin

8 Machi, Jumamosi

Leo nimepima maji ya nyumba ishirini na ulimi wangu umekauka. Kila nilipochovya kipimo, mwenye nyumba alinisogezea kikombe: "Na wewe onja, usiiamini mashine peke yake."

Nimehamia Mbweni kwa Shangazi Demetria kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya pili ya takwimu. Shangazi ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake tangu binti yake Felicitas aolewe Mwanza. Huku karibu kila nyumba ina kisima chake kilichochimbwa kwa mashine, na tangu mwaka jana baadhi ya visima vimeingia chumvi. Cha Shangazi kimezidi. Sabuni haitoi povu, birika limeota magamba meupe, na migomba ya ukutani inakauka kuanzia nchani.

Shangazi hana shaka na mkosaji. Nyuma ya ukuta wetu kuna kiwanja cha Nurdin, mtu wa Newala, mfyatua tofali za saruji. Pampu yake inavuma kutwa nzima. "Anavuta maji matamu yote," anasema Shangazi, "halafu bahari inaingia kujaza pengo. Hilo halihitaji shahada, mwanangu."

Labda halihitaji. Ila hilo ndilo swali nililochagua mie: je, pampu ile ndiyo inayoleta chumvi, na kwa kiasi gani? Msimamizi wangu, Dokta Leodegar, ameniazima kipima chumvi, kidude kama kalamu nene. Ukikichovya kinakupa namba. Ikikaribia elfu mbili, ulimi unaanza kushtuka. Nitazunguka kila Jumamosi hadi masika yaishe.

11 Machi

Joto. Mawingu yanapita tu kama wageni wasiotaka kukaribishwa.

15 Machi, Jumamosi

Mzunguko wa pili. Nurdin kaniacha nimesimama getini muda mrefu huku vijana wake wakinitazama. Ni mtu mfupi, mabega mapana, vumbi la saruji hadi kwenye kope. Alipokuja hakunisalimu.

"Wewe ndiye mpwa wa Mama Felicitas?"

"Ndiyo, kaka. Naitwa Jesca."

"Basi pima. Si umeshatumwa uje na jibu?"

Nikapima nikaondoka. Shangazi alipouliza nilimwonaje, nilisema ana kiburi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia kitu alichokuwa anakijua zamani.

22 Machi, Jumamosi

Mvua ya kwanza, asubuhi, ya kulowesha vumbi tu. Nimezunguka na viatu vizito kwa tope.

23 Machi, Jumapili

Baada ya misa majirani kama kumi walikuja kwetu, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Augustine. Nilidhani wamekuja kunywa chai. Shangazi akaniita: "Jesca, waambie wastani."

Nikawaambia. Visima sita vinavyopakana na kiwanja cha Nurdin vina wastani wa elfu mbili na mia sita. Kumi na vinne vilivyobaki, elfu moja na mia tano. Sebule ikachemka. Mtu mmoja akasema pampu ing'olewe hata leo. Mzee Augustine akainua mkono: mkutano wa mtaa utakaa tarehe nne Mei, na mie nilete namba kamili siku hiyo.

Jioni nikaingiza vipimo vyote sitini kwenye kompyuta. Jibu likatoka kali: tofauti kama hii isingetokea kwa bahati hata mara moja katika elfu. Nikampelekea Dokta Leodegar kwa furaha.

25 Machi

Dokta kanipigia simu.

"Una visima vingapi vya karibu?"

"Vipimo kumi na vinane, Dokta."

"Sijauliza vipimo."

"Sita."

"Ukimpima urefu mtu mmoja mara tatu, umepata watu watatu?"

Hapo ndipo kosa lilipo. Kompyuta yangu ilidhani kila kipimo ni ushahidi mpya, kumbe kila kisima kinarudia neno lake lilelile. Kisima kina tabia yake: udongo wake, kina chake, umri wake. Kikiwa cha chumvi leo kitakuwa cha chumvi Jumamosi ijayo, Nurdin awepo au asiwepo. Lazima modeli, yaani hesabu ninayoilisha kompyuta, ikipe kila kisima nafasi ya kuwa na tabia yake. Darasani tunaziita athari nasibu, kwa maana visima hivi ni sampuli tu, na tabia zao tunazichukulia kama zimechotwa kwa bahati kutoka chungu kimoja. Nilifaulu mtihani wa somo hili. Leo ndiyo nimelielewa.

29 Machi, Jumamosi

Mvua ya haja. Nilipomaliza kupima kwa Nurdin ilinikamata getini kwake, na mkewe, Mauwa, akanivuta ndani. Adhana ilipolia tukafuturu pamoja: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi. Nurdin alikula kimya akaenda kuswali. Mauwa ndiye aliyeuliza maswali.

"Hesabu zako zinasemaje, wifi? Sie tufunge virago?"

Nikamwambia sijui bado. Nikamweleza ninavyofanya. Unachukua dhana, kwa mfano kwamba pampu inaongeza mia tano. Unaiuliza: kama wewe ni kweli, haya niliyoyaona yangetarajiwa kiasi gani? Halafu unachukua nyingine, mia sita, mia saba, hata sifuri, unaziuliza vilevile. Zipange zote, kila moja kwa urefu wa jibu lake, utaona kama kilima. Dhana iliyo kileleni ndiyo ambayo macho yangu yameishangaa kidogo kuliko zote.

Mauwa alifikiri, mwiko mkononi. "Na hiyo tabia ya kisima? Utaiulizaje na huioni?"

Nilitamani Dokta angekuwepo asikie swali lile. Nikamwambia: kwa kuwa siioni, siibahatishi. Nasema kisima hiki huenda kina chumvi kidogo kwa asili, huenda ya kati, huenda nyingi mno. Naijaribu kila hali, kila moja na uzito wake, tabia za kawaida zikipewa uzito mkubwa na za ajabu uzito mdogo. Kisha nazijumlisha zote. Jumla hiyo ndiyo inayopanda kwenye kilima.

"Kwa hiyo unamsikiliza mtu kwa kila namna ambavyo angeweza kuwa, kabla hujamhukumu."

"Kisima, dada."

"Haya, kisima," akasema, akaniongeza muhogo.

1 Aprili

Sikukuu ya Idi. Mauwa ametuletea sahani ya pilau. Shangazi ameifunika, ameiweka mezani. Mchana nilikuta imepungua upande mmoja.

5 Aprili, Jumamosi

Mvua imepiga wiki nzima. Kwenye barabara ya kwenda kiwandani Wazo malori ya saruji yamezama hadi ekseli. Nimezunguka peku.

Modeli mpya imekaa, na kilima chake nimekitazama hadi macho yakauma. Si kilima, ni tumbo la nyoka aliyeshiba. Kilele kiko karibu na mia tisa, lakini ukishuka hadi mia moja, au hata chini ya sifuri kidogo, au ukipanda hadi elfu moja na mia nane, huanguki. Dhana zote hizo zinakaribiana. Kwa maneno mengine: visima vya karibu vina chumvi zaidi, ndiyo, lakini visima sita ni vichache mno kusema ni kwa sababu ya pampu au vilizaliwa hivyo.

Nimemwambia Shangazi wakati tunachambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Majuzi ulisema tofauti ni elfu moja na mia moja. Wote walisikia."

"Wastani haujabadilika sana, Shangazi. Kilichobadilika ni uhakika."

"Kilichobadilika ni kwamba umekula futari kwao."

Akabeba ungo wake, akaenda kumalizia jikoni. Nimeumia. Lakini nimeumia zaidi kwa kuwa sina jibu la kumpa yeye wala la kumpa Mauwa.

9 Aprili

Nilijaribu kuruhusu kila kisima kiitikie mvua kwa namna yake, kimoja kipungue chumvi upesi, kingine taratibu. Kompyuta ikahangaika, kisha ikarudisha sifuri: hakuna tofauti kati ya visima. Nikamwandikia Dokta, naye akajibu kwa mstari mmoja: "Sifuri haina maana haipo, ina maana vipimo vyako haviioni."

Vipimo vyangu haviioni. Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima.

12 Aprili, Jumamosi

Nimepata wazo nikiwa nachovya kipimo kwenye kisima cha tisa, mwavuli umegeuka nje ndani.

Nikilinganisha kisima cha karibu na cha mbali, tabia zao zinaniharibia ushahidi. Lakini nikilinganisha kisima na chenyewe, pampu ikivuma na pampu ikiwa imezimwa, tabia yake inabaki ileile pande zote mbili, haiwezi kunidanganya. Na mvua je? Mvua inavinyeshea vyote. Visima vya mbali vitanionyesha mvua peke yake inapunguza chumvi kiasi gani. Vya karibu vikipungua zaidi ya hapo, ziada ni ya pampu.

Tatizo ni moja tu. Mtu azime pampu.

Nimekwenda moja kwa moja. Nurdin alikuwa anafunika tofali kwa maturubai.

"Nizime? Nina oda ya madarasa mawili, dada. Tofali isiponyweshwa maji inapasuka."

"Hadi tarehe ya mkutano tu."

"Na chumvi ikipungua?"

Sikuwa na la kumdanganya. "Nitasema imepungua."

"Na isipopungua?"

"Nitasema haijapungua."

Akacheka bila furaha. "Yaani mie nikusaidie kuchonga mpini wa jembe la kunizikia." Akarudi kwenye maturubai yake.

14 Aprili

Mauwa amekuja mlangoni, kanga kichwani, mvua inamchuruzika. Shangazi ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nurdin anasema kesho anazima. Atatumia maji ya boza, ya kununua kwa lori, mpaka mkutano. Anasema bora ajue kuliko kuitwa mwizi na asijue kama ni mwizi."

Shangazi akaufungua mlango wote, akasema, "Ingia basi, utaugua." Lakini Mauwa alikuwa na haraka.

15 Aprili

Pampu imezimwa. Sikujua nilikuwa naisikia hadi iliponyamaza.

19 Aprili, Jumamosi

Namba zimeshuka kila mahali, mvua imefanya kazi yake. Ni mapema mno kusema kitu. Kesho Pasaka, Shangazi atapika wali wa nazi kwa maji ya boza.

22 Aprili

Kila asubuhi Shangazi anasimama ukutani na kikombe cha chai, anasikiliza. Leo amesema kama anayejisemea, "Vijana wake wamekaa tu. Boza halijaja tangu jana."

24 Aprili

Niandike vizuri ya leo.

Mchana jirani wa nyumba ya kona alipita mitaani akisema amesikia pampu ya Nurdin alfajiri. Anatuchezea, anavuta kwa siri. Kabla mvua haijakatika watu walikuwa wameshajaa getini kwa Nurdin, wengine na nyundo. Mzee Augustine alikuwa mbele, anajaribu kuwatuliza na wakati huohuo anasukumwa. Nurdin alisimama mlangoni mwa kibanda cha pampu, mikono ameikunja kifuani. Mauwa alikuwa nyuma yake na watoto.

"Fungua tuone!" watu wakapaza.

"Nikifungua mtavunja."

Mie nilikuwa nyuma nimeshika kipimo kama mjinga, nikijua kwamba wakiivunja ile pampu hakuna atakayejua ukweli, si mwaka huu. Nilijaribu kusema. Sauti yangu haikufika popote.

Ndipo nikaona mwavuli mweusi unapenya katikati ya watu. Shangazi Demetria. Nusu ya waliokuwepo pale amewafundisha yeye au amewafundishia watoto. Wakapisha.

"Nurdin, fungua. Naingia peke yangu."

Nurdin akamtazama, akatoa ufunguo. Shangazi akaingia kibandani. Nilimwona kupitia mlango: aliweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo, kisha akapitisha kidole kwenye bomba la kutolea maji. Akatoka akiwa amekiinua kidole hicho watu wote wakione.

"Mota ni ya baridi," akasema. "Bomba lina utando wa buibui. Mimi ndiye ninayemlalamikia huyu kuliko nyinyi wote, na nasema hajaiwasha. Alfajiri nilikuwa ukutani; mlichosikia ni jenereta ya kanisani. Rudini nyumbani."

Wakarudi, mmoja mmoja.

Nasi tukarudi. Tulipofika alivua viatu, akaosha kidole kile, akasema, "Sitaki nishinde kwa uongo." Nami nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nije, si kama shangazi mkali bali kama mtu anayeogopa kitu. Sikujua ni nini.

26 Aprili, Jumamosi

Vipimo. Vya karibu vinashuka upesi kuliko vya mbali.

3 Mei, Jumamosi

Mzunguko wa mwisho kabla ya mkutano. Nimerudi, nimekaa mezani na kompyuta kuanzia adhuhuri, na modeli imetulia mara ya kwanza tu.

Sasa kilima ni kilima. Pampu inaongeza chumvi kwenye visima vya karibu kwa kama mia tatu. Dhana ya mia moja na hamsini bado inakubalika, ya mia nne na hamsini pia. Sifuri imeachwa bondeni. Kwa hiyo Shangazi alikuwa sahihi: pampu inaleta chumvi. Na Nurdin hastahili lawama yote: si chumvi yote ni yake, wala si sehemu kubwa. Tofauti nyingine ni ya visima vyenyewe.

Kisha nikaiomba modeli inikadirie tabia ya kila kisima. Huwa inavivuta vyote kidogo kuelekea katikati, haiamini sana maajabu. Hata baada ya kuvutwa, kimoja kilibaki peke yake juu kabisa. Chetu.

Shangazi alikuwa jikoni. Nikamwuliza kwa upole, "Kisima chetu kina mita ngapi?"

Aliendelea kukuna nazi.

"Wenzetu wote waliishia ishirini na tano, thelathini," akasema. "Wachimbaji walimwambia Baba Felicitas hapa maji matamu yamekaa juu, ya chumvi yapo chini, asizidi. Akawaambia waendelee. Hamsini na tano. Alitaka kisima kisichokauka, hata akifa tusihangaike." Mbuzi ya nazi ikasimama. "Alikufa mwaka uliofuata. Kila nikiyachota nasema haya ndiyo aliyoniachia. Sasa unataka niseme aliniachia chumvi?"

Ndicho alichokuwa anakiogopa. Masika yote nilidhani namtetea Nurdin mbele ya Shangazi, kumbe Shangazi alikuwa anamtetea marehemu mbele yetu sote.

"Mwanzoni maji yalikuwa matamu," nikamwambia. "Aliwaachia miaka ya maji matamu. Chumvi imepanda baadaye."

"Na fundi anaweza kurekebisha?"

"Dokta aliwahi kusema wanaziba chini kwa zege, pampu inapandishwa juu."

Alichuja tui hadi likaisha.

4 Mei, Jumapili

Mkutano, kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, chini ya turubai. Nilieleza kwa dakika chache, bila kutaja kisima cha mtu. Nurdin akasimama.

"Mie sijasoma hayo, nijibu kwa mkato. Nina hatia au sina?"

"Una sehemu."

"Sehemu kiasi gani?"

"Kati ya mia moja na hamsini na mia nne na hamsini. Nikibanwa nitasema mia tatu. Zaidi ya hapo sikusingizii."

Minong'ono. Wengine walitaka namba moja, wengine walitaka pampu. Mzee Augustine akauliza, sasa hiyo chumvi nyingine ya nani?

Nikatazama chini. Shangazi akainuka, akaweka sawa kitenge chake.

"Kwangu, nyingi ni yangu mwenyewe. Kisima chetu kimechimbwa kupita kiasi, na nilikuwa najua. Mume wangu alikusudia mema. Nurdin, ile mia tatu utaishughulikia wewe. Iliyobaki kisimani kwangu nitaishughulikia mimi."

Nurdin aliitoa kofia yake kichwani. "Nitavuta asubuhi tu, Mama. Na paa la nyumba nitaliwekea mifereji, mvua yote hii inapotea bure."

Jirani wa kona aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

10 Mei

Kunanyesha. Hakuna jipya. Shangazi ameniuliza namna ya kusoma kilima.

24 Mei, Jumamosi

Fundi wa visima amekuja na mashine yake. Shangazi alikwenda mwenyewe kwa Nurdin kuomba saruji na vijana wawili, na Nurdin akaja na wanne na yeye mwenyewe. Mauwa alipika kwetu. Walimwaga zege chini, wakasubiri, wakapandisha pampu.

31 Mei, Jumamosi

Jua kali, la kwanza baada ya siku nyingi. Leo ndiyo walifungua maji. Yalitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha yakang'aa. Nilichovya kipimo: elfu moja na mia sita; Machi ilikuwa zaidi ya elfu tatu. Nikamwonya Shangazi kwamba ni kipimo kimoja, tusubiri vingine, kisima bado hakijatulia.

"Wewe subiri," akasema. Akakinga kikombe, akanywa taratibu, macho ameyafumba. Kisha akampa Nurdin.

Nurdin akanywa, akalamba midomo. "Ina chumvi kidogo, Mama Felicitas."

"Hiyo kidogo ni yako," Shangazi akamjibu, na kicheko chake kikasikika hadi ng'ambo ya ukuta.